Ndugu Kwenye Maporomoko

Ndani ya kosta ya Muleba, Jovina alimwambia mzee aliyekaa naye kwamba Krismasi hii atawapeleka kaka zake wawili kutazama maporomoko ya maji mlimani. Nyumbani hawakutani bila kugombania kibanja, shamba la migomba la marehemu baba yao.

"Watu wasiosalimiana hata kanisani, unawapeleka ukingoni mwa genge?" Mzee alicheka kwa dharau. "Kawachimbie makaburi kwanza!"

"Mama anaumwa, mzee wangu. Anataka kuwaona pamoja."

"Atawaona pamoja, wote wawili kule chini."

Mimi nyuma yao nilijifanya nimelala. Kosta iliposimama Kemondo, Jovina alishuka kwa hasira, simu sikioni. "Kaka," nilimsikia akisema, "siku hiyo uvae viatu visivyoteleza."