Gitaa Lisiloalikwa

Nilikaa mbele, karibu na dereva. Nyuma walikaa wawili wasiojuana: mama muuza vikwembe, yaani vitenge, na mzee aliyepakata gitaa, nusu yake imefunikwa kitambaa. Teksi ilitoka mtaa wa Hewa Bora kwenda mtaa wa Karavia, na sote tulikuwa tumechoka.

"Papa, unaenda kupiga fasi gani?" mama aliuliza.

"Sipigi. Mutoto yangu anaolewa leo. Aliniomba kintu kimoja tu: papa, kuya bila gitaa."

"Sababu ya nini?"

Mzee akashusha pumzi. "Kwa ndoa ya dada yake, bamama balikuwa banaleta zawadi banacheza, vile tunafanyaka. Mi nikatia jazz ndani ya mudundo wa Mali, ule jirani yangu Moussa alinifundisha. Mustari yote ikasimama. Tantine mumoja, shangazi ya bibi-arusi, akabakia na sufuria ku kichwa, mguu juu, anatafuta fasi ya kukanyaga."

Nilitamani kucheka, lakini hakuna aliyeanza.

"Si upige rumba basi? Rumba kila muntu anajua."

"Miaka makumi tatu niko natafuta hii mudundo, mama. Hii njo sauti yangu. Rumba iko ya bengine."

"Lakini ndoa iko ya mutoto."

Mzee alivuta kitambaa juu ya gitaa; ukumbi wa ndoa ulikuwa umekaribia. "Nimeibeba tu," akasema. "Ku nyumba kuko bezi, bangeiiba."

Mama alikuwa anasugua mkono wake, uliochomwa na ncha za nyuzi za gitaa ambazo hazijakatwa bado. "Na hizi kamba mupya za gitaa ni za nini, papa?"

Teksi ikasimama. Mzee akashuka na gitaa lake, akaelekea ukumbini.