Mzee Pankrasi Luambano na Dari ya Chumbani

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na mafundi wenzake na marehemu, mimi ni George, mtoto wake wa kwanza, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, kazi ambayo ningeshukuru kama angepewa mwingine.

Marehemu Pankrasi Luambano alizaliwa Maposeni tarehe 12 Mei 1961, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, akasoma shule ya msingi palepale hadi mwaka 1976, kisha akajifunza uashi kwenye karakana ya misheni, na tangu 1983 akafanya kazi hapa Songea mjini, ambako zilipoingia dari za jipsamu aligeuka kuwa fundi wa skimu, ule upakaji laini wa mwisho kabla ya rangi, na wengi wenu mnalala chini ya kazi ya mkono wake. Alifunga ndoa na mama yetu, Benigna, tarehe 20 Septemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Jane.

Katika kuchagua skrepa, kile kifaa cha kusambazia skimu, baba hakuwa na utani: ndogo ni ya pembe na maungio, dari inataka pana, yenye bapa linalonepa kidogo, maana ndogo huacha mstari kila inapopita, na mstari huo hauonekani mpaka mwanga wa jioni uingie kwa ubavu, naye aliwaambia wanafunzi wake kuwa ukuta mtu huupita, lakini dari mtu hulala akiitazama.

Februari 2020 mama alipatwa na kiharusi, baba akataka chumba kiwe tayari kabla mama hajaruhusiwa kutoka hospitali, lakini skrepa pana alikuwa amemwazima fundi mwenzake, Otto, aliyekuwa na kazi Mbinga, basi kwa haraka ya mapenzi akapiga dari nzima kwa ile ndogo. Mama alilala chini ya mistari hiyo mwaka mzima na zaidi, kila jioni akimwambia, Baba George, mistari inatembea, hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2021.

Tangu hapo baba aliirudia dari ile kwa skrepa pana, akapiga msasa, akarudia tena, asubuhi inakuwa laini, jioni mistari iko palepale, nasi tukasema macho yake yamezeeka, mpaka nilipolala humo mimi mwenyewe nikaiona, nikaogopa. Mei 2024 alianza kuugua mapafu, akakataa kuhamishwa chumba, akitaka aipate laini walau mara moja kwa ajili ya mama. Alifariki tarehe 17 Machi 2025 saa kumi na moja jioni, macho yakiwa juu, baada ya kuniambia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu mama aondoke, kwamba dari imenyooka, mama yenu sasa analala. Nilitazama juu, ndugu zangu, na mistari ilikuwa inatembea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lizaboni mliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake wote, hasa mzee Otto, aliyejitolea kuipiga upya dari ile kabla hatujaondoa matanga, naye tunamwomba kwa upendo asipande ngazi. Lala kwa amani, baba, wewe umeiona dari laini, mistari iliyobaki tutaitazama sisi.