Marehemu Appolinaire Musoni, Baba Mkwe wa Sinema Zetu (1981–2025)

Mchungaji, majirani wa Nakivale na wageni wetu kutoka Mbarara, Bwana asifiwe. Mimi ni Eliane, dada mkubwa wa marehemu. Familia imeniomba nisome maisha yake, na imeniomba nisiruke kitu.

Appolinaire Musoni alizaliwa Uvira, Kivu ya Kusini, tarehe 12 Juni 1981, mtoto wa pili wa marehemu mzee Yonatani Musoni na mama Libérate. Baba alikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza. Mama alishona mavazi na kuwafokea waigizaji. Kwetu mtoto alijua kulia kwa uongo kabla ya kujua kusoma. Siku moja sokoni, Appolinaire akiwa na miaka sita, aliigiza mtoto aliyekufa. Shangazi yetu alikuja kutazama tu, akasahau kwamba ni mchezo, akapanda jukwaani akiomboleza, akambeba mgongoni na kukimbia naye mpaka nyumbani. Soko zima lilicheka isipokuwa baba. Tangu hapo akaweka sharti: anayekufa mchezoni haguswi na mtu, mpaka asimame mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi Uvira, akaanza sekondari, kisha vita vya 1998 vikamkatiza masomo. Tulifika Uganda, katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, mwaka 2005. Hapa alilima maharagwe, akauza maziwa, na jioni akawafundisha vijana wa kanisa kuigiza. Alikuwa mkali kwelikweli. Kijana asiyejua maneno yake alitumwa kuchota maji.

Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na Sidonie Umwiza katika kanisa letu hapa kambini. Sidonie alimkataa mara mbili, akidhani anaigiza. Bwana aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2014, Mbabazi, mtengenezaji wa filamu kutoka Mbarara, alimwona katika igizo letu la Noeli, akamchukua. Appolinaire alicheza filamu zaidi ya ishirini, na karibu katika zote alikuwa baba mkwe mwenye roho ngumu. Akipita sokoni Kabingo, akina mama walimsimamisha: "Wewe mzee, wacha roho mbaya! Mpa huyo kijana bibi yake!" Naye aliwajibu, "Ng'ombe kwanza!" Wakacheka wote, wakamwongezea nyanya. Tena alipenda kufa. Hata pale ambapo hakuandikiwa kifo alijiongezea, na Mbabazi akaacha kamera iende. "Huyu mzee nakufa mzuri kuliko watu yote," Mbabazi alikuwa akisema. Tulijivunia sana, sisi tuliocheza naye: mama, mimi, na baadaye Kampire, binti yake wa kwanza.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa presha. Alimeza dawa, na wakati mwingine aliziacha, akisema zinamletea usingizi mbele ya kamera. Tulimgombeza, halafu kesho yake tukamwita kazini. Ndiyo, sisi wenyewe.

Jumanne tarehe 4 Machi mwaka huu tulikuwa Kaberebere tukipiga filamu, katika ua wa mfanyabiashara mmoja wa ndizi. Kazi ya Appolinaire ilikuwa kumfokea mkwe wake na kutoka nje, basi. Alipaza sauti, akashika kichwa, akaanguka. Hakuandikiwa hivyo, lakini nani kati yetu angeshangaa? Tulisimama tukingoja ainuke. Kampire peke yake alipiga kelele: "Baba haangukake vile!" Akataka kumkimbilia. Mama yetu akamwambia, "Nyamaza, utaharibu picha. Hapana kumugusa." Nasi wengine tukamshika mtoto mikono. Tena tulipiga makofi. Makofi, jamani! Tulipomgeuza, mdomo wake ulikuwa umepinda na hakutujua tena.

Hospitalini Mbarara daktari aliuliza alianguka saa ngapi. Ikabidi nimweleze kwamba tulingoja kwanza ainuke. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 6 Machi, asubuhi, Sidonie akiwa pembeni yake.

Najua maneno yanayosemwa huko kwenye mabomba ya maji, na siwezi kuyaita uongo. Lakini kuna jambo linalotuumiza kuliko hayo. Kampire ana miaka kumi na minne, na tangu Jumanne hataki chakula. Anamwambia mama yake, "Mimi niliona. Ningebasukuma nikakimbia." Amechukua kosa letu akalifanya lake. Ndiyo maana hatukuruka kitu leo. Mama Libérate, aliyeketi hapa mbele, ndiye aliyenituma: "Usome na jina langu. Mutoto asibebe ya kwangu."

Marehemu ameacha mama yake, mjane Sidonie, mimi dada yake, na watoto: Kampire, Bienfait na Shimwa.

Kampire, mwanangu, nasoma haya mbele ya watu wote ili asitokee mtu wa kukuambia vingine. Uliona sawasawa, na ulisema. Wewe ni mtoto, na sisi wakubwa tulikuwa wengi, tukakushinda nguvu. Hukukosea hata kidogo. Utatusamehe siku utakayoweza, si lazima iwe leo. Bwana ampokee baba yako na kumpumzisha. Na wewe, tukitoka hapa, tafadhali, kula.