Risala ya Wasaga Mawe wa Kewanja Kuhusu Kisanduku cha Kugawa Mwanga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meneja wa mtandao, shikamoo. Karibu Kewanja. Sisi wanachama thelathini na wawili wa Kikundi cha Jitegemee, wasaga mawe na waosha dhahabu, tumefurahi umekuja mwenyewe, maana barua zako tatu tulizipata na tukaogopa kuzijibu.

HISTORIA

Mwaka jana fundi wako Oduol alituletea waya wa kioo, mwembamba kama unywele. Akatueleza kwamba ndani yake mwanga wa rangi nyingi unasafiri pamoja, rangi ambazo jicho halioni, na kisanduku kidogo kule kibandani ndicho kinazitenganisha: hii iende zahanati, hii shule, hii mnara wa simu. Tulimwelewa sana. Kutenganisha ndiyo kazi yetu. Kisha, Mungu amsamehe, akaongeza kwamba kisanduku hicho kina thamani kuliko dhahabu.

Mheshimiwa, maneno hayo hayasemwi Kewanja.

MAFANIKIO

Hapa tulikuwa tumeandika kwamba kisanduku kilipotea. Mwenyekiti wetu Magige akaniambia mimi katibu, "Aah, mama, andika tu ukweli. Huyu mtu si mtoto." Basi: tulikisaga kwenye karasha la mawe kwa saa mbili, tukakiosha, tukakitia zebaki ya kunasia dhahabu. Mafanikio hayakupatikana.

CHANGAMOTO

Tangu siku hiyo zahanati na shule hazina mtandao. Anayetaka kupiga simu hupanda kilimani, na huko simu inamkaribisha Kenya.

Lakini hayo tutayavumilia. Kinachotuumiza ni Mzee Wangwe, mlinzi wa kibanda kile, uliyemfukuza kazi. Hakuiba. Siku ile tulipokichukua kisanduku, alialikwa kula kwa Regina, mhazini wetu. Nyama ile tuliichangia wote, makusudi, na alipotaka kuondoka tukamwongezea supu. Tumesikia ulimuuliza alikula kwa nani, akakataa katakata, akasema hawezi kula nyama ya watu halafu akawachongee. Jamani! Wiki ya tano sasa anashinda ndani, hata kanisani haji. Tunaona aibu mpaka basi.

MAOMBI

Tulitaka kuomba kisanduku kingine. Tumelifuta ombi hilo. Tunaomba moja tu: mrudishie mzee sare yake leo, watu wakiona.

Na kama ni lazima mtu apelekwe polisi, majina yetu yote yako nyuma ya karatasi hii. La kwanza ni langu, ninayesoma.

Mungu akufikishe Tarime salama, na kama tunakwenda pamoja, atufikishe wote.

Ni sisi,
Kikundi cha Jitegemee, Kewanja.
Imesomwa na Modesta Nyangwine, Katibu.