Viti Sita vya Mtaa

Asubuhi ya sikukuu, benchi lililo nje ya karakana ya Seremala lilikuwa limeshajaa midomo. Mtaa ule una desturi yake: kila sikukuu watu wote hupiga picha moja, na katikati kiti kimoja huachwa kitupu. Siku hizi si kimoja tena. Mwaka juzi vilikuwa viwili, mwaka jana vinne, na leo Seremala ameambiwa apange vyote sita alivyo navyo, na asikae mtu. Wazee nao wasimame. Hilo ndilo lililomkaa kooni, maana mama yake ana magoti mabovu, na mwaka jana jirani alimdaka akiwa anakwenda chini.

— Kile kiti ni cha marehemu wetu, alisema Kinyozi, mtu wa kuapia jambo aliloanza kuliamini jana. Na marehemu wanaongezeka, kwa hiyo viti navyo viongezeke.

Mzee Breki, dereva mstaafu asiyekubali kupitwa hata kwenye maongezi, alisema ni cha mgeni rasmi. Kwamba mgeni huyo hajatokea miaka kumi na miwili, kwake huo ndio ushahidi kuwa ni mkubwa kweli; wadogo huwahi.

— Sasa mtu mmoja viti sita vya nini? aliuliza Kinyozi.

— Ana walinzi.

Mama Kahawa, huku akimimina, akawapiku wote. Picha itatulia zaidi, alisema, watu wakitoka kabisa vikabaki viti. Mtu hufumba macho, hununa, hugombania nafasi. Kiti hakina maneno. Hoja ikapita. Wakakubaliana watu wasimame nyuma ya mpiga picha, na watabasamu vilevile.

Seremala alikunywa kahawa yake. Alijua yeye peke yake jambo lilivyoanza. Mwaka ule wa kwanza alikuwa amekipaka kiti rangi asubuhi hiyohiyo, akawaambia watu wasikikalie. Basi. Mwaka wa pili aliwakuta wamekiacha wenyewe, mmoja kakifunga maua, naye akaona haya kusema. Halafu wakaanza kumwita Mlinzi wa Kiti, na heshima ni tamu.

Mpangaji mpya, mwalimu wa chekechea aliyehamia juma lile, alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake.

— Samahanini. Yule mama aliyeegemea ukuta, atakaa wapi?

Kinyozi akatazama viti. Mzee Breki naye akatazama viti. Mama Kahawa akatikisa chupa, ilikuwa tupu.

— Ilikuwa rangi, alisema Seremala. Rangi mbichi. Hakuna kingine.

Akaeleza yote, masikio yakiwaka moto kwa aibu. Kinyozi alimsikiliza kwa huruma, kisha akamnong'oneza Mama Kahawa kwamba vumbi la mbao huwa linapanda kichwani. Seremala akaenda ukutani, akamshika mama yake mkono, akamleta taratibu hadi kwenye kiti cha katikati.

— Kaa, mama.

— Nimesikia ulivyowaambia. Lakini tangu baba yako aondoke duniani, picha ikija, mimi naangalia hapo kwanza. Namwona.

— Mama, hiki ni kiti tu.

— Najua ni kiti, mwanangu. Si umekitengeneza wewe?

Mama akavuta kiti kilicho kando ya kile cha katikati, akajishusha polepole, akashusha na pumzi.

— Mimi hapa pananitosha. Hicho kiacheni.

Kinyozi akaanza kusema desturi imevunjwa. Mama akamtazama, naye akavuta kiti akakaa. Mzee Breki akawahi kingine kabla hakijachukuliwa. Mpiga picha akawaomba wasogee. Seremala akasimama nyuma ya mama yake, mkono mmoja begani kwake; wa pili hakujua auweke wapi, mwisho akauweka kwenye egemeo la kile kiti kitupu cha katikati.