Lango la Kanisa la Elsie

Colm, dereva wa basi, alikuwa akiwasikia abiria wake wawili wakibishana tangu walipoacha lami. Wazee hawa walikuwa wanarudi kijijini kwao Warrabin kumzika Elsie.

"Siku ya harusi yake ulisimama nje ya ua, Noreen, na jua lile," alisema Mervyn, kaka wa marehemu. "Rafiki yake wa kufa na kuzikana."

"Padri alitukataza Wakatoliki kuingia kanisani kwenu. Unajua."

"Wewe na masista wako waliokufundisha shule. Elsie aligeuka kutazama mlangoni mpaka mchungaji akakohoa."

"Leo nitaingia."

"Uingie wapi? Kanisa lilikuwa la mbao, wamelikata vipande viwili, wakalipakia kwenye lori hadi shamba la kondoo. Sasa wanalala humo wakata manyoya ya kondoo."

Hao walau hawaulizwi dhehebu, aliwaza Colm.

Basi likasimama. Kwenye kiwanja kitupu viti vilikuwa vimepangwa mbele ya jeneza. Kanisa lilikuwa limebakiza ua na lango tu.

Mervyn alitangulia, akalifungua lango, akalishikilia. Noreen alifika hapo, akashika waya wa ua kwa nje, palepale aliposimama siku ile ya harusi.

"Ingia basi, mtoto wa masista," alisema Mervyn taratibu.

Noreen aliachia waya, akapita langoni. Colm alizima injini.