Kinyago Kilichotoa Rangi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Albano, mchonga vinyago wa Madale, aliyetutoka wiki iliyopita. Albano wa Madale, yule aliyefuta kinyago mbele ya mkaguzi wa mwekezaji.

Mwekezaji huyo, kampuni moja ya nje, alikipa kikundi chao cha wachongaji oda ya vinyago vya mpingo. Oda kubwa haswa. Lakini mpingo hauna haraka. Anayeupanda siye atakayeuchonga. Magogo kutoka kusini yakaadimika, na oda haikusubiri. Basi wenzake wakachonga mti mweupe, wakaupaka dawa ya viatu nyeusi ufanane na mpingo. Albano, mwenyekiti wao, aliona akanyamaza.

Asubuhi ya ukaguzi mkewe, Mama Adelina, alimshika mkono mlangoni. Ametusimulia mwenyewe: "Nilimwambia, baba Monica, mie nakuomba. Ukifungua mdomo leo, mtoto harudi chuo."

Albano akatoka. Kule kwenye banda lao la kuchongea mkaguzi wa kampuni akasifu kazi, akasema wataongeza oda. Kondo, mchongaji mwenzake na rafiki wa ujana wa Albano, akamkanyaga mguu asifungue mdomo. Albano akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akakifuta kinyago usoni. Uso ukabaki mweupe.

"Huu si mpingo," akasema. "Mpingo mnaumaliza nyie kwa haraka yenu, na sie kwa tamaa yetu. Punguzeni oda, tupande."

Mkaguzi akaondoka bila kuaga, na oda ikaondoka naye. Kondo akaacha kumsalimia. Monica akakaa nyumbani mwaka mzima, na Albano akala kila siku na binti asiyemtazama. Hilo, wasikilizaji, lilimuuma kuliko yote.

Hatimaye kampuni ikarudi. Oda ndogo safari hii, na sharti: kila gogo na miche yake. Monica akarudi chuo. Miche ikapandwa nyuma ya nyumba ya Albano, na mpaka leo ni myembamba kama mpini wa fagio. Mzee wetu hakuchonga hata mmoja.

Wiki iliyopita, watu waliporudi kutoka kumzika, Kondo hakukaa mkekani na waombolezaji. Monica alimkuta nyuma ya nyumba na ndoo, anamwagilia ile miche. Akamuuliza, "Shikamoo baba. Hii atachonga nani?"

"Marahaba. Hajazaliwa," Kondo akasema, akaenda kuchota tena.

Mama Adelina, Monica, poleni sana. Nawe unayetusikiliza, siku mwekezaji akibisha hodi mtaani kwako, mkaribishe, mpe kiti. Kisha mkumbuke huyo ambaye hajazaliwa.